Kushoto kwa Nani? Idara ya Maigizo, Mkutano wa Teknolojia ya Jukwaa na Uhakiki Wetu wa Tamthilia

Kila mwaka, mara nyingi katika mwezi wa Machi, idara nyingi za maigizo za vyuo vikuu vya Marekani huwapeleka walimu na wanafunzi wao kwenye mkutano wa Taasisi ya Marekani ya Teknolojia ya Thieta, inayojulikana zaidi kwa herufi zake za Kiingereza, USITT. Taasisi hiyo iliundwa mwaka wa 1960. Haina mji mmoja wa kukutania: mwaka wa 2022 watu walikutana Baltimore, mwaka wa 2023 St. Louis, mwaka wa 2024 Seattle. Mkutano wa mwaka wa 2020, uliokuwa ufanyike Houston, ulivunjwa kwa sababu ya maradhi ya Korona. Mwanafunzi huja na jalada la picha na michoro ya kazi zake, huketi mbele ya fundi mzee asiyemfahamu, huulizwa kwa nini aliiweka taa pale na si hapa. Wengine huondoka wamepata kazi ya miezi ya kiangazi. Wengine huondoka na aibu yenye faida.

Msomaji wa kurasa hizi ana haki ya kuuliza mambo hayo yanaingiaje katika taaluma ya Kiswahili. Jibu letu ni kwamba yanaingia kwa mlango wa lugha, na pia kwa mlango wa uhakiki. Katika makala hii tunakusudia kuutazama mkutano huo kama mhakiki anavyoitazama kazi ya sanaa, yaani kuuliza unasema nini, unamwambia nani, na unanyamazia nini. Kisha tuyarudishe maswali hayo nyumbani, kwenye tamthilia za Kiswahili na kwenye vyumba vya madarasa tunamozifundishia.

Jambo la kwanza linalomkumba mgeni wa mkutano kama huo ni ukumbi wa vifaa. Makampuni hupanga humo taa zinazojigeuza zenyewe, winchi, mashine za moshi, vitambaa vya pazia, rangi, vipaza sauti. Mjumbe aliyetoka katika chuo kisicho na kitu akirudi huandika ripoti ndefu iliyojaa majina ya mitambo, na mwishoni huwaomba wakuu wa chuo fedha ambazo yeye mwenyewe anajua hazipo. Ripoti ya namna hiyo si uchunguzi. Ni orodha ya tamaa. Kuna na mjumbe wa pili, ambaye hujivunia umaskini: atasema kwamba Mwafrika hahitaji mitambo, kwamba mbalamwezi na ngoma vinamtosha. Wajumbe hao wawili hudhani wanapingana, kumbe wana kosa moja. Wote wawili wanaamini kwamba teknolojia ni bidhaa.

Aliyetembea mpaka mwisho wa ukumbi ameona jambo jingine. Tangu miaka ya 1980 mkutano huo una maonyesho madogo ambamo karakana za vyuo na za thieta huleta ufumbuzi wa matatizo waliyokutana nayo kazini: kuviringisha jukwaa dogo bila kelele, kuangusha kitambaa chote kwa mpigo mmoja, kuufanya mlango ufunguke wenyewe. Kila ufumbuzi una mchoro, orodha ya vifaa, na maelezo ya hatua. Chuo cha drama cha Yale nacho kilianza mwaka wa 1982 kutoa mfululizo wa makala fupi za aina hiyo, nyingi zikiwa zimeandikwa na wanafunzi. Makala moja ni kurasa chache tu. Hakuna nadharia ndani yake, hakuna dibaji ya kuwasifu waliotangulia. Fundi amepata shida, ameitatua, ameandika alivyoitatua ili mwenzake asianze upya. Kwa maoni yetu hicho ndicho kitu cha thamani kupita vyote katika mkutano huo, na hakipimwi kwa dola.

Asiyejua bei ya ujuzi huo na akumbuke Chicago. Tarehe 30 Desemba 1903, katika ukumbi mpya wa Iroquois uliofunguliwa mwezi wa Novemba mwaka huohuo, cheche ya taa ya jukwaani ilishika kitambaa. Pazia la kuzuia moto lilianza kushuka likakwama njiani. Milango kadhaa ilikuwa imefungwa, na mingine ilikuwa na komeo ambazo watu hawakujua kuzifungua. Walikufa watu wapatao 600, wengi wao wanawake na watoto waliokuja kutazama mchezo wa alasiri. Ukumbi ule ulitangazwa kuwa hauwezi kuungua. Tunapozungumzia taa, kamba na pazia, basi, hatuzungumzii mapambo ya tamthilia. Tunazungumzia roho za watu walioketi gizani wakituamini.

Sasa tuje kwenye lugha. Mnamo mwaka wa 1986 taasisi hiyohiyo ilitoa kanuni iitwayo DMX512, ikairekebisha mwaka wa 1990. Kabla ya hapo mambo ya taa yalikuwa kama mnara wa Babeli: kampuni hii ilikuwa na namna yake ya kuziamuru taa, kampuni ile na yake, na meza ya kuongozea taa iliyonunuliwa kwa mmoja haikuweza kusema na vipunguza mwanga vilivyonunuliwa kwa mwingine. Ukumbi ulionunua vifaa kwa mfanyabiashara mmoja ulikuwa kama umeolewa naye. Kanuni ya 1986 ni sahili ajabu. Waya mmoja hupeleka namba 512, moja baada ya nyingine, na kila namba huwa kati ya 0 na 255: 0 ni giza, 255 ni mwanga wote. Meza inasema, taa inasikiliza. Taa haikupewa njia ya kujibu. Kanuni ya kuziwezesha taa kujibu kupitia waya uleule ilikuja baadaye sana, mwaka wa 2006. Hata hivyo lugha hiyo maskini, yenye msamiati wa namba tu, ilienea dunia nzima, kwa sababu kila mtengenezaji aliweza kuitumia na hakuna aliyeimiliki peke yake.

Mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kuisoma habari hiyo bila kukumbuka usanifishaji wa lugha yake mwenyewe. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka wa 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati iliyokabidhiwa kazi hiyo ikaanza mwaka wa 1930. Waliowakilishwa ni Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, yaani nchi zilizokuwa mikononi mwa Mwingereza. Kongo, iliyokuwa ya Mbelgiji, haikuketi mezani. Kiswahili cha Lubumbashi, cha Bukavu na cha Kisangani kikahukumiwa katika baraza ambalo hakikuitwa. Hatusemi kwamba kusanifisha lugha ni dhuluma; sisi wenyewe tunaandika makala hii katika lugha iliyotokana na kazi ile. Tunasema kwamba kanuni hufuata sura ya watu walioketi kuiandika. Wahandisi wa taa waliketi na watengenezaji wa taa wakapata lugha ya taa. Kama mafundi wa jukwaa wanaofanya kazi kwa Kiswahili hawataketi mahali popote, hawatapata lugha ya jukwaa, hata kama idara zao zitahudhuria mikutano yote ya dunia.

Mfano mmoja utatosha, nao ni mdogo kiasi cha kuchekesha. Jukwaani, kushoto ni wapi? Mwigizaji ameuelekea umati, umati umemwelekea yeye. Kushoto kwake ni kulia kwao. Mmarekani na Mwingereza wamekata shauri: kushoto na kulia kwa jukwaa ni kwa mwigizaji. Mfaransa ameepa shauri lenyewe. Tangu thieta ya mfalme ilipokuwa katika jumba la Tuileries mjini Paris, mnamo miaka ya 1770, ambako upande mmoja wa jukwaa ulikuwa wa bustani na upande wa pili wa ua, yeye husema «jardin» na «cour», basi. Jumba lenyewe halipo tena, lakini maneno yapo, na wanafunzi huyakariri kwa kutumia herufi za mwanzo za jina la Yesu Kristo kwa Kifaransa: ukitazama kutoka kwenye viti, J iko kushoto, C iko kulia. Mbinu hiyo ya kukariri tumeirithi pia sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa.

Na Mswahili je? Tumwazie mwanafunzi aliyefunzwa Dar es Salaam kwa istilahi za Kiingereza, amepanda darini kushika kamba ya mandhari. Chini yake yuko mwenzake aliyefunzwa Lubumbashi kwa istilahi za Kifaransa. Lugha yao ya pamoja ni Kiswahili. Wa chini anapaza sauti: shusha ya kushoto! Wa juu anashusha ya kushoto, lakini ni kushoto kwa nani? Uzito unaoshuka hausubiri kamusi. Tumezoea kuzijadili istilahi katika semina kana kwamba ni suala la heshima ya lugha tu, kwamba Kiswahili nacho kinaweza kuitaja elektroni na falsafa. Hapa istilahi ni suala la kichwa cha mtu.

Katika maandishi ya Kiswahili kuhusu maigizo msomaji hukutana tena na tena na maneno jukwaa, pazia, maleba, mandhari, mwangaza. Ni maneno mazuri, lakini angalia yalivyo: ni majina ya vitu vinavyoonekana kutoka kwenye viti. Msamiati wetu umekaa ukumbini pamoja na watazamaji. Nyuma ya pazia, mahali penye kamba, uzani, vipunguza mwanga, alama ya kumwashiria fundi kwamba sasa ni zamu yake, lugha inanyamaza au inaazima. Nasi wahakiki tumekaa pamoja na watazamaji hao, na mara nyingi hata hatukuja ukumbini. Tumebaki maktabani na kitabu.

Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walichapisha mwaka wa 1976 kitabu walichokiita «Fasihi na Sanaa za Maonyesho», na ile «na» iliyo katikati ya jina ni hoja nzima: mambo haya ni mawili. Hata hivyo, zaidi ya miaka arobaini baadaye, mtihani wa tamthilia katika vyuo vyetu bado huuliza maudhui, wahusika, methali na tamathali, na mwanafunzi anaweza kupata alama za juu bila kuijua taa moja ya mchezo alioufanyia mtihani.

Hasara yake inaonekana tukichukua «Kinjeketile» ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka wa 1969, tamthilia ambayo huenda imehakikiwa kuliko nyingine zote za Kiswahili. Habari yenyewe ni ya vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. Masimulizi ya Ngarambe yanasema Kinjeketile alivutwa na nguvu isiyoonekana hadi majini, akazama, akatoka siku iliyofuata hali ni mkavu. Hussein ameliingiza tukio hilo katika mchezo wake. Wahakiki wameandika mengi juu ya maana ya maji, na juu ya neno linavyoweza kumzidi nguvu aliyelizaa. Lakini fundi anauliza swali ambalo mhakiki hakuuliza: mtu huyu anazamaje? Je, mto uko jukwaani, au uko nje ya upeo wa macho, nasi tunauona kwenye nyuso za wanaotazama? Je, taa inabadilika anapotoka, au inabaki ileile ya mchana wa kawaida?

Maswali hayo si ya ufundi mtupu. Fundi akimtoa Kinjeketile katika mwanga wa kimiujiza, wenye moshi na sauti ya mbali, watazamaji wanageuka kuwa waumini. Wameona kwa macho yao. Tangu hapo, risasi za Wajerumani zitakapoyashinda maji, wataanguka pamoja na wapiganaji, kwa sababu nao walisadiki. Fundi akiuficha mto, akatuachia vilio vya mashahidi tu, watazamaji wanabaki na shaka tangu mwanzo. Mchezo unakuwa habari ya watu waliodanganyika, nasi tunawahurumia kutoka juu. Hiyo ni michezo miwili yenye maneno yaleyale. Mhakiki anayesema maudhui ya «Kinjeketile» ni haya au yale bila kusema mto uliwekwa wapi amehakiki nusu ya kazi. Sisi tungeuficha mto lakini tungeugeuza mwanga, ili mtazamaji asijue kama aliona au hakuona. Ila tunakiri kwamba hilo ni chaguo, na wengine watalipinga kwa haki.

Tusidhani kwamba fikra za namna hii zinangoja tiketi ya ndege. Mwaka wa 1977 huko Kamiriithu, karibu na Limuru nchini Kenya, wakulima na wafanyakazi waliojenga ukumbi wa wazi wa kuonyeshea «Ngaahika Ndeenda» ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walianza kwa kupanga njiti za kiberiti ardhini. Kwa njiti hizo walipima jukwaa na viti, kisha wakaunda mfano mdogo, kisha wakajenga mahali pa kukaa watu 2,000 hivi. Mfano mdogo wa jukwaa ndicho kitu kilekile ambacho mwanafunzi wa Marekani hukibeba kwa uangalifu katika sanduku hadi kwenye mkutano. Tofauti ni kwamba njiti za Kamiriithu hazikuwa na kesho: mchezo ulipigwa marufuku mwezi wa Novemba mwaka huohuo, na mwaka wa 1982 ukumbi ukabomolewa na dola. Wabomoaji walifahamu vizuri kuliko wahakiki wengi kwamba nguvu ya mchezo haikai katika maandishi peke yake.

Kwetu Lubumbashi mambo yana kichekesho chake. Katika miaka ya 1950 mji ulijengewa thieta kubwa ya kisasa, kazi ya msanifu Claude Strebelle. Baadaye jengo hilo, linaloitwa Bâtiment du 30 Juin kwa kuikumbuka siku ya uhuru, likageuzwa kuwa mahali pa vikao vya bunge la mkoa. Hatutasema lolote juu ya maonyesho yaliyofanyika humo tangu wakati huo. Tutakumbusha tu kwamba kundi la Mufwankolo, linalojulikana kwa kila mtu wa mji huu, lilipotayarisha mwaka wa 1986 mchezo wa «Le pouvoir se mange entier», uliozaliwa kutokana na methali ambayo Johannes Fabian aliwauliza maana yake, halikwenda katika ukumbi wenye pazia. Mchezo ulipigwa picha nje, kijijini Kawama, kwa Kiswahili cha Shaba, bila maandishi yaliyokaririwa. Fabian aliyanasa maneno, akayachapisha mwaka wa 1990 katika kitabu ambacho kila idara ya Kiswahili ingestahili kuwa nacho. Maneno ndiyo yaliyo katikati ya kitabu hicho, na ni haki yake, kwa kuwa aliyekiandika ni mtu wa lugha na utamaduni. Lakini waigizaji wale walikuwa pia mafundi. Walijua jua la Kawama likae wapi ili uso wa mfalme usipotee kivulini. Walijua kusimama ili sauti isichukuliwe na upepo. Ujuzi huo nani ameuandika?

Kuna atakayetuambia kwamba katika mji ambao umeme hukatika kabla ya tendo la pili, mazungumzo ya taa ni anasa. Tunaujua umeme huo. Nyaya zake zinatoka Inga hadi Kolwezi, safari ya kilomita zaidi ya 1,700, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 zinapita juu ya vijiji visivyo na balbu moja ili kuufikia mgodi. Lakini mwongozaji anayejua kwamba umeme utakatika, akaupanga mchezo wake uweze kuendelea kwa taa tatu za mafuta bila watazamaji kupoteza uso wa mwigizaji, huyo ametatua tatizo ambalo fundi wa Seattle hajawahi kulitatua. Akiliandika, likiwa na mchoro na orodha ya vifaa, litasomwa na wengi wenye umeme kama wake. Asipoliandika, litakufa pamoja naye, na mwanafunzi wake ataanza tena kutoka sifuri, akidhani yeye ni wa kwanza kukatikiwa na umeme.

Kwa hiyo idara yetu ikipata siku moja mwaliko na nauli, tungeishauri ipeleke watu wawili tu: mmoja wa maigizo na mmoja wa isimu. Wa maigizo asianzie kwenye ukumbi wa vifaa. Wa isimu achukue daftari, asikilize mafundi wanavyoitana, aandike kila kitendo kilichotajwa kwa neno moja fupi linaloweza kupaziwa sauti kutoka darini. Kisha warudi, waketi na watu wa Mufwankolo, na seremala wa ukumbi, na kijana anayeshika nyaya, waulize maneno yao. Pengine mengi yapo tayari, katika Kiswahili cha karakana ambacho sisi wa chuo hatukukisikiliza.

Kuhusu kushoto, tumejaribu kujadiliana wenyewe kwa wenyewe. Mtu wa pwani alituambia kwamba kwake jambo ni jepesi: upande mmoja uitwe kaskazi, upande wa pili kusi, na hakuna atakayekosea. Ni maneno mafupi, yana sauti, na hayageuki mtu anapogeuka. Lakini mtoto wa Lubumbashi hajawahi kuzitegemea pepo hizo kusafiri. Kwake zingekuwa za kukariri tu, kama bustani ya mfalme wa Ufaransa. Mwingine alipendekeza mlango na dirisha. Tukajaribu maneno hayo katika chumba cha mazoezi, mmoja wetu akiwa juu ya ngazi. Neno dirisha lilichelewa. Lina silabi nyingi, na mwisho wake haukusikika. Mlango ulisikika vizuri. Neno la upande wa pili bado tunalitafuta.